Wakufunzi, kaeni mzungumze na wanagenzi, muhuri pekee hautoshi

Kwa Mhariri,

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya Kumi waingie sekondari pevu, malalamiko hayaishi: madarasa machache, walimu wachache, maabara hakuna, karo juu. Yote ni kweli na sina la kuongeza hapo. Kuna upungufu mwingine ambao sijaona mtu akiuandikia, nao hunifikia mimi kila muhula ukiwa umevaa ovaroli mpya na kushika barua ya chuo mkononi. Vijana wetu wamefundishwa, wametahiniwa, wameshauriwa, wamekaripiwa na kuhubiriwa. Lakini kukaa na mtu mzima anayeijua kazi, wakaulizana na kujibizana, mkubwa naye akitaka kwa dhati kujua mdogo ameona nini, hilo wengi wao hukutana nalo mara ya kwanza wakiwa na miaka ishirini, wamelala chini ya gari.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kirinyaga Road, ambayo wateja wangu wa umri mkubwa wangali wanaiita Grogan. Gereji ni neno kubwa kwa mahali pangu. Ni kiwanja nyuma ya maduka ya spea, mabati upande mmoja, na magari yamebanana hivi kwamba lililoingia mwisho ndilo hutoka kwanza hata kama halijaisha. Nilianza enzi za kabureta. Cheti nilicho nacho ni kile cha serikali cha majaribio ya ufundi, daraja la kwanza, na nilikifanyia mtihani nikiwa tayari nina watoto. Vyuo vya kiufundi huniletea wanafunzi wa mafunzo ya kazini, wale tunaowaita wa atachimenti, na kwa jumla ni watoto wazuri. Wanafika mapema. Majina ya vitu wanayajua kunishinda. Muulize mmoja kazi ya sensa ya oksijeni (si ile ya kuhesabu watu) atakukariria ukurasa mzima. Kisha mwambie amuulize mwenye gari lina tatizo gani, uone anavyotazama viatu vyake.

Majuzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Eastlands alileta Probox yake. Kijana wangu wa atachimenti, hata kumsalimia vizuri hakumsalimia, akafungua mlango, akachomeka mashine ya daiagnosisi chini ya usukani, na baada ya dakika chache akanijia na jibu: P0171. Kwa lugha rahisi, nambari hiyo inasema kompyuta ya gari imeona hewa ni nyingi kuliko petroli. Akaitafuta kwenye simu, simu ikampa orodha ya visababishi, naye akachagua sensa ya hewa. Alikuwa tayari kuvuka barabara akainunue, kwa maelfu ya shilingi za mwalimu.

Nikamwambia aweke mashine chini, aende akakae na mwenye gari.

"Mwalimu, shida ni gani?"

"Linamisi."

Akageuka kunitazama kama mtu aliyemaliza kazi. Nikajifanya natafuta spana. Akamrudia.

"Linamisi wakati gani?"

"Asubuhi, nikikwama kwenye jamu ya Jogoo Road. Likisimama linatetemeka, na ule mshale wa mizunguko unapanda na kushuka wenyewe. Barabara ikifunguka nikashika mwendo, linatulia."

"Ilianza lini?"

"Wiki jana."

Hapo maswali yakamwishia. Nikamwonyesha kwa mkono atulie, asiseme kitu. Mwalimu alikuwa akitazama boneti. Kisha akasema polepole, "Hebu ngoja. Ijumaa nililipeleka kuoshwa. Yule kijana wa kuosha akaniambia chujio la hewa limechafuka, akanibadilishia palepale."

Wasomaji wanaojua magari wameshacheka. Kutoka kwenye kisanduku cha chujio kuna mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, nao hufungwa kwa kilipu. Sensa inayopima hewa iko pale kwenye kisanduku. Kilipu kikiachwa kimelegea, hewa hupenya baada ya sensa, bila kuhesabiwa. Kompyuta hutia petroli ya ile hewa iliyohesabiwa tu, kwa hivyo petroli haitoshi. Injini ikizunguka taratibu, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya yote inayovutwa, ndiyo maana gari lilitetemeka kwenye jamu. Mwendo ukipanda, haisumbui sana. Kazi yenyewe ilikuwa bisibisi, nusu dakika, kwisha.

Siikatai mashine. Ninayo, na niliinunua kwa pesa nilizotoa jasho. Inasoma kile ambacho kompyuta imekiona. Habari za Ijumaa zilikuwa kwa mwalimu, na hata yeye hakujua kwamba anazo hadi alipoulizwa kisha akaachiwa nafasi ya kufikiri.

Kwangu kuna masharti. Hakuna mwanagenzi anayefungua boneti kabla hajazungumza na mwenye gari. Akishamsikiliza, lazima amrudishie maneno yake kwa namna alivyoyaelewa: "Kwa hiyo mama, unasema linalia ukikata kona." Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mara nyingi mwenye gari hukataa. "La, sikusema kona. Nilisema linavuma nikiwa nimenyooka, na nikikata kulia linanyamaza." Haya ni magari mawili tofauti! Linalopiga ta-ta-ta kwenye kona, utaanza kuangalia jointi ya ekseli. Linalovuma kwenye barabara iliyonyooka na kubadilika uzito ukihamia upande mmoja, utaanza na beringi ya gurudumu. Kijana aliyesikia "linalia" tu atafungua gurudumu lisilo na hatia.

Sharti la mwisho ndilo wanalolichukia. Kabla hajafungua, aniambie anatarajia kukuta nini, na kwa nini. Wengi hujaribu kunikwepa: "Mzee, wacha nifungue kwanza tuone." Hapana. Ukifungua kwanza, chochote utakachokiona utasema ulikijua. Ninachotaka ni jibu lenye sababu, liwe sahihi au lisiwe sahihi, lakini inachukua wiki nzima kabla kijana hajaniamini kwamba hatachekwa. Sishangai. Miaka yote ya shule jibu lisilo sahihi lilimletea kicheko cha darasa zima au jicho la mwalimu, kwa hivyo alijifunza kunyamaza hadi awe na uhakika, na wakati huo tayari mwenzake ameshajibu.

Fundi aliyenifunza mimi, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa akishika bisibisi ndefu, ncha anaiegemeza kwenye altaneta injini ikinguruma, mpini anauweka sikioni mwangu.

"Unasikia nini?"

"Kelele."

"Kelele gani?"

"Kama mchanga."

"Mchanga mkavu au wenye maji?"

Nilikuwa nikidhani ananitania. Lakini beringi iliyokauka grisi na iliyoanza kulika hazilii sawa, na mtu hawezi kukuonyesha tofauti hiyo kwa kidole. Lazima muitafute kwa maneno, wewe na yeye, hadi mkubaliane mnasikia kitu kimoja. Sijaona kitabu kinachoweza kufanya hivyo.

Si mafundi wote walikuwa hivyo, na si wote wako hivyo leo. Kuna wanaoficha ujuzi. Kazi nyeti ikifika, sindano za dizeli zinapopimwa au gia inapofungwa, kijana hutumwa chai na maandazi. Akirudi, imekwisha. Ukimkuta mwanagenzi aliyemaliza miaka mitatu na anajua bei ya maandazi ya barabara nzima, basi unajua alikuwa kwa nani. Mafundi hao hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana bidii.

Nirudi kwa mwalimu wa Probox, maana hakuondoka mara moja. Nilimbadilishia na oili. Akiwa ameketi kwenye tairi, akaniambia kwamba kile tulichofanya, kunyamaza tukamsubiri, kimefanyiwa utafiti. Katika miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi, akapima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa wastani ulikuwa kama sekunde moja. Mtoto asipojibu katika hiyo sekunde moja, mwalimu hurudia swali, humwita mwingine, au hujijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, majibu ya "sijui" yakapungua, na watoto waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Tena kuna kusubiri mara mbili: baada ya swali, na baada ya mtoto kujibu, kwa sababu mtoto akiachwa kidogo huongeza la pili mwenyewe, na mara nyingi hilo la pili ndilo lenye maana.

Sekunde tatu si kitu mtu akizisoma gazetini. Zijaribu leo jioni na mtoto wako. Ni ndefu, na ulimi unawasha.

Mwalimu huyo ana darasa la watoto zaidi ya hamsini. Alinieleza mbinu yake: akiuliza swali, hachagui mkono. Kila mtoto hugeuka kwanza kwa mwenzake wa dawati moja, wakaambiana, na anayeitwa hasimami kusema jibu lake mwenyewe, husema jibu la mwenzake. "Wanasikilizana kwa sababu wanajua huenda nikawaita," akasema. Nilimuuliza kama wakaguzi wanampenda. Akacheka tu. Darasa lake lina kelele, na hapa kwetu darasa lenye kelele ni darasa lisilo na mwalimu.

Wasomaji watanikumbusha kwamba mtaala wa umilisi, ule tuliouzoea kwa jina la CBC, ulikuja kuyatibu hayo. Najua. Ulifanyiwa majaribio kuanzia 2017, ukaanza nchini kote 2019, na katika umilisi saba wa kimsingi wa mtaala huo, wa kwanza kwenye orodha ni mawasiliano na ushirikiano. Ninao watoto ndani ya mtaala huo na siupingi. Lakini kwa upande wetu wazazi mawasiliano hayo yamegeuka kuwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku: kesho mtoto aje na katoni, gundi na manyoya ya kuku. Mtoto amelala, baba anakata katoni. Laiti ule ujumbe ungesema, "Muulize mtoto wako leo amejifunza nini, umsikilize, kisha umuulize tena," tungelala mapema na angejifunza zaidi.

Kuna na suala la lugha, ambalo nitalipita haraka maana wengine wamelisemea vizuri kuliko mimi. Chuoni kijana amefundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hapa Grogan gari linatengenezwa kwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu kidogo. Anajua kitu, lakini amekihifadhi katika lugha ambayo hawezi kumwelezea mama wa Umoja kwa nini breki zake zinatetemesha usukani. Mama naye, asipoelezwa, anahitimisha kwamba anaibiwa. Sisi mafundi wa Nairobi tuna jina baya, na wengine wamelifanyia kazi kwa bidii jina hilo, lakini sehemu yake ni hii tu: mtu hakuelezwa. Mimi humwonyesha mteja spea iliyotoka, ameishika mkononi, na kijana ndiye anayemweleza, mimi niko kando. Mteja akiuliza swali ambalo kijana hana jibu lake, vizuri zaidi. Jioni tutakuwa na la kuzungumza.

Mteja wangu mwingine, mzee aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya themanini, ndiye aliyeniambia habari za Profesa Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa pale chuoni na kuaga dunia 1995. Nilikuwa nateremsha giaboksi, na kazi ya giaboksi ni ndefu, kwa hivyo nilipata hadithi yote. Oruka alikuwa amesomea Uppsala, Uswidi, na Detroit, Marekani (Detroit ndiyo iliyonifanya nitege sikio, kwa sababu za kikazi). Wakati ule kulikuwa na wasomi walioshikilia kwamba Mwafrika hana falsafa ya mtu mmoja mmoja, ana mila za jamii yake basi. Oruka hakuishia kubishana nao kwa karatasi. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walikwenda vijijini, wakakaa na wazee, wengine wao hawajawahi kuketi darasani, wakawauliza kuhusu Mungu, haki, kifo, usawa wa mwanamume na mwanamke, na kurekodi majibu. Kisha wakawauliza tena juu ya yale waliyoyajibu.

Kwenye maswali hayo ya pili ndipo wazee walipoachana. Kulikuwa na mzee anayekueleza vizuri mno mila inavyosema, na ukimbana, anairudia mila. Na kulikuwa na mzee anayeieleza mila vizuri vilevile, halafu anasema, lakini mimi hapa sikubaliani nayo, na sababu yangu ni hii. Wote wawili Oruka aliwahesabu kuwa wenye hekima. Huyu wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Baadhi yao aliwataja kwa majina katika maandishi yake, kama Paul Mbuya Akoko, na babake mzazi mwenyewe alikuwa mmoja wa wazee aliozungumza nao.

Nilimuuliza mzee wangu, na kama Oruka angeuliza mara moja tu akaenda zake? Akasema, basi wote wangeonekana sawa.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu hao wawili ninawapokea hapa kila muhula. Yupo anayekukariria ukurasa na ukimbana anaurudia ukurasa. Yupo mwingine, pengine aliyepata alama za chini, ambaye ukimuuliza "kwa nini?" unamwona anaondoka kwenye ukurasa na kuanza kuliangalia gari. Karatasi ya mtihani haiwezi kukwambia nani ni nani, kwa kuwa karatasi haina swali la pili.

Si kwamba Nairobi ni mji wa watu wanyamavu. Nenda Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, ile ambayo A. M. Jeevanjee aliutolea mji mwaka wa 1906, utakuta duara la watu wanabishana juu ya bajeti, Biblia na Arsenal. Napenda kupitia pale. Lakini mtu huja Jeevanjee na msimamo wake, na saa nane anarudi nao ofisini haujaguswa. Ndiyo raha yenyewe. Midahalo ya shule nayo ni vivyo hivyo: unapewa upande, unautetea, unapigiwa makofi. Inamnoa mtu ulimi, na sina ugomvi nayo, ila tusije tukahesabu kwamba hiyo tayari ni mazungumzo.

Nyumbani nina binti aliyekuwa Gredi ya Tisa wakati wa kuchagua mkondo wa sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mezani nilimuuliza anataka nini, akasema "sijui." Nikamuuliza tena kesho yake, akasema "chochote." Mama yake akaniambia niache kumhoji kama polisi. Jumamosi nikamchukua twende naye Kariobangi kuchukua silinda hedi iliyokuwa ikisawazishwa, tukakwama Outer Ring. Sote tunatazama mbele, hakuna anayemtazama mwenzake. Akaanza mwenyewe. Kwanza aliniuliza kwa nini gari halizimiki ovyo likisimama, nami nikamuuliza yeye anadhani kwa nini, tukaenda hivyo hadi karibu na Donholm. Nikadhani nimempata wa uhandisi. Kumbe alikuwa ananizungusha. Anataka sayansi za jamii, alikuwa na sababu nne, na ya tatu sikuweza kuipangua hadi leo. Yuko huko sasa.

Nilipomsimulia mama watoto kwamba mtoto alizungumza kwa sababu hatukuwa tukitazamana, hakushangaa. Yeye ni msusi. Anasema siri zote za mtaa anazijua kwa sababu mteja anayesukwa amempa kisogo; mtu hutoa ya moyoni akiwa na kitu kingine cha kutazama. Wake wa watu, anasema, wamejifunza kwenye kile kiti habari za kliniki, karo, chama na namna ya kuishi na mavyaa kuliko walikojifunza mahali pengine popote. Kuhusu ndoa sitaandika zaidi, maana gazeti hili linaingia kwangu.

Sasa niseme ninachotaka.

Chuo kinapotuma mwanafunzi kazini, hutuma pia mkufunzi aje kumkagua. Huo ndio wakati pekee ambapo watu watatu wanaohusika, kijana, mwalimu wake na fundi wake, wanaweza kusimama mahali pamoja, mbele ya kazi yenyewe. Mkufunzi mmoja, chuo sitakitaja, alikuja hapa kwangu, akaegemeza kile kitabu cha kumbukumbu cha mwanafunzi juu ya boneti ya gari la mteja, akaniuliza kama kijana ana utoro, nikasema hana, akagonga muhuri, akasaini, akaondoka. Injini ya gari lake hakuwa ameizima. Kijana alikuwa chini ya Nissan umbali wa hatua chache, akitoa sampu, lile karai la oili chini ya injini, kwa mara ya kwanza peke yake, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Alipotoka mikono meusi, mwalimu wake alishafika Ngara.

Nimewasikia wakufunzi wakijitetea, na utetezi wao una uzito. Wana wanafunzi wengi waliotawanyika mji mzima, na wengine wananiambia nauli hutoka mfukoni mwao. Basi wawapange kwa maeneo. Siku moja iwe ya Grogan, nyingine Gikomba, nyingine Kariobangi, nyingine Industrial Area. Wanafunzi wa sehemu moja wakutane katika gereji moja, na kila mmoja apewe nusu saa. Achague kazi moja aliyoifanya. Aeleze mwenye gari alilalamika nini, yeye alitarajia kukuta nini, alikuta nini, na kama angelirudia leo angeanzia wapi. Aeleze kwa lugha aliyoifanyia kazi. Mkufunzi amuulize, asubiri, amuulize tena juu ya jibu lake. Wanagenzi wenzake nao wamuulize. Hao ndio wakali zaidi, nimeshuhudia. Fundi awepo naye aulizwe, kwa kuwa kuna tunayoyafanya kwa mazoea tu na tumesahau sababu yake, na kijana wa chuo anaweza kutujuza. Halafu mazungumzo hayo yawe na alama zinazohesabiwa, maana kisicho na alama katika nchi hii hakifanywi.

Haihitaji maabara wala bajeti ya ziada. Kwa mafundi wenzangu nao: maandazi yanunuliwe mapema asubuhi, kazi nyeti ikianza kila kijana awe karibu.

Mimi niko tayari kutoa uwanja wangu uwe wa kwanza. Mkufunzi atakayependa aje siku yoyote isipokuwa Jumatatu, kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu baada ya hapo magari hujaa na hata mlango haufunguki. Asiegeshe mbele ya duka la tairi, askari wa kaunti hawachelewi pale.

Fundi wa magari,
Kirinyaga Road, Nairobi